Sikukutuma Ukadisko

Watu wanaopita dukani wananiuliza, "Mama Wini, daktari wetu hajambo?" Nawajibu hajambo. Yuko pale nyuma ya marundo ya sufuria, anafunga mzigo wa mteja, kalamu ameichomeka kwenye nywele kama alivyozoea tangu shule. Wanamsalimia, wanacheka naye, wanaenda zao. Bado hakuna aliyeuliza chuo kinafunguliwa lini. Siku wakiuliza sijui nitajibu nini, na mimi si mtu wa kukosa la kujibu. Waulize Kariakoo nzima.

Mimi naitwa Candida. Duka langu liko Mtaa wa Kongo, nauza vyombo kwa jumla: sufuria, hotpoti, chupa za chai, sahani na mabakuli ya melamini. Nilianza na beseni moja la vikombe, nimekaa chini pembeni ya barabara, Winifrida mgongoni. Shule nimeishia la saba, kwetu Rombo, Kilimanjaro, na hiyo la saba yenyewe nilimaliza kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa mjomba wangu. Kwa hiyo Wini alipochaguliwa chuo, kusomea famasia miaka minne, nilifunga duka siku nzima. Theophil, mume wangu, aliniuliza kama naumwa. Hata siku niliyojifungua nilifunga saa nane mchana.

Miaka mitatu iliyopita Theophil alipata kiharusi. Upande wa kulia ukakataa. Sasa yuko nyumbani Rombo, dada yake anamtunza, na daktari alituambia kwa kinywa chake kwamba huyu mzee asishtuliwe, presha ikipanda tena ni basi. Tangu hapo duka ni langu peke yangu. Nikiondoka saa moja, mteja ameshavuka barabara kwa jirani, na akishavuka harudi. Nayasema haya mapema ili mjue nilianzaje kumtuma Wini.

Maana sisi watu wa Kilimanjaro tuliopo Dar tuna vikao. Kikao cha harusi, kikao cha sendofu ya kumuaga binti anayeolewa, kikao cha kipaimara, kikao cha ukoo, kikao cha msiba. Jumapili ikipita bila kikao ujue kuna mtu amesahau kupiga simu. Na ole wako usionekane. Hakuna atakayekusema, aka, watu wetu wana adabu. Watakuangalia tu. Halafu siku yako ikifika, utakaa mwenyewe na viti vyako vya kukodi. Mtu ni watu, ndivyo nilivyofundishwa, na mpaka leo sijui namna nyingine ya kuishi.

Kwa kuwa mimi siwezi kuacha duka, nilikuwa namwambia Wini, "Kaniwakilishe." Anaenda. Alikuwa ana mwandiko mzuri, ana adabu, anajua kumwita kila mtu kwa jina lake, shangazi ni shangazi, baba mkubwa ni baba mkubwa. Kikao cha kwanza akakaa kimya. Cha pili wakamwambia, mwanetu, hebu tuandikie mihtasari. Mwaka wa pili chuoni alikuwa katibu wa kamati tatu kwa mpigo. Watu walikuwa wananipigia simu kunisifia: huyu mtoto wako ana watu. Mimi nikisikia hivyo siku yangu yote inanyooka, hata wateja wasumbufu nawapunguzia bei.

Siku moja akaniambia, "Mama, wenzangu wameniondoa kwenye diskasheni." Nikamuuliza ndiyo nini hiyo. Akasema ni kundi la kusoma pamoja, wanafunzi sita, wanakutana Jumapili jioni. Wamechoka, yeye kila Jumapili yuko kikaoni. Nikamwambia marafiki wa chuo ni wa miaka minne, ndugu ni mpaka kaburini. Akasema sawa mama. Hata mwenzake wa karibu kabisa akaacha kumwalika siku ya kuzaliwa kwake, kisa anajua jibu.

Nyumbani nako tunakaa Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, na sikumbuki ni lini tulilala bila mgeni. Huyu kaletwa hospitali kubwa, yule anafuatilia pasipoti, mwingine hasemi kafuata nini na wewe huwezi kuuliza. Wini alikuwa anabeba makaratasi yake anaenda kusomea viwanja vya Mnazi Mmoja. Mara moja nilipita pale nikitoka benki, nikamkuta amekaa kwenye ukingo wa saruji, pamba masikioni, upande mmoja kuna mhubiri na spika yake, upande mwingine vijana wanabishana mpira. Yeye anasoma kwa sauti majina ya dawa. Nilisimama nikamtazama, nikajisikia fahari. Sikujiuliza kwa nini mtoto mwenye kwao anasomea barabarani.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na duka langu, kuna duka la vitambaa la mzee Ramniklal. Mjukuu wake Zarna naye alisoma chuo, alimaliza mwaka mmoja kabla ya haya. Wakati wa mitihani ya yule binti ulikuwa humwoni. Hashuki dukani, hapelekwi kwa ndugu, mwaka mmoja hata dandia, ile ngoma yao ya fimbo, hakwenda kucheza, na kwao dandia ni jambo zito. Bibi yake alikuwa anawarudisha wageni mlangoni. Mimi nilicheka. Nilimwambia Wini, unaona, wale hawana watu. Wini akatabasamu, akachukua daftari la mihtasari akaondoka.

Mwisho wa mwaka wa tatu akaanguka somo moja. Alikuja kuniambia akiwa amesimama wima, kama mtu anayesoma tangazo kanisani. "Mama, nimefeli somo moja. Kuna mtihani wa marudio mwezi wa tisa, siku ya Ijumaa."

"Marudio si unarudia?"

"Ndiyo mama."

"Basi rudia, mwanangu. Hata mimi chapati ya kwanza huwa naiunguza."

Mwezi mzima alisoma mpaka akakonda. Halafu Jumapili ya wiki ile ile ya mtihani, mzee Gaudens akafariki.

Mzee Gaudens alikuwa baba mdogo wa Theophil. Alifia hapa Dar, na mtu wetu hazikwi Dar, hilo halina mjadala. Mwili unarudishwa Rombo, ukoo unakodi basi, na kila nyumba inatoa mtu wa kusindikiza. Nyumba yangu ingetoa nani? Theophil yuko kule kule lakini hata kaburini hawezi kufika kwa miguu. Mimi wiki ile nilikuwa nasubiri mzigo wa melamini, ushushwe, ukaguliwe, uingizwe stoo. Nikamwambia Wini, kaniwakilishe.

"Mama, Ijumaa ni mtihani."

"Mazishi ni Jumatano. Alhamisi asubuhi unapanda basi, jioni uko hapa, Ijumaa unaingia kwenye mtihani wako. Tatizo liko wapi?"

"Na wakiahirisha?"

"Maiti haiahirishwi."

Akatia kanga mbili kwenye begi, na makaratasi yake juu.

Wakaahirisha. Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa anatoka Kanada, ndege ikachelewa, wazee wakasema hawafukii mpaka amwone baba yake. Jumatano mchana Wini akapiga simu. Nasikia nyuma yake watu wanaimba nyimbo za msiba. "Mama, mazishi yamesogezwa kesho. Nikisubiri kuzika sitafika Ijumaa."

"Sasa unataka kuondoka maiti iko sebuleni? Utawaambia nini?"

"Nitawaambia nina mtihani."

Nikamwambia, "Wini, mtihani ni wa marudio. Mzee Gaudens hazikwi kwa marudio."

Nililipenda sana lile neno langu. Nililirudia kwa mteja aliyekuwa mbele yangu, tukacheka wote wawili. Kwenye simu Wini akasema sawa mama. Alhamisi wakazika. Ijumaa kukawa na kikao cha ukoo cha kuanua matanga, na nani aandike kama si katibu? Alirudi Jumamosi na mkungu wa ndizi. Simu zikamiminika wiki nzima: mama Wini, mwanao amekutoa kimasomaso. Nikamwuliza habari za mtihani, akasema anasubiri majibu. Mimi nikajua watampangia mwingine. Si marudio?

Sasa hapa kabla sijaendelea lazima niwaambie habari ya kaka yangu Ansbert. Ansbert alikuwa seminari, anasomea upadri, tegemeo la mama yetu. Likizo ya Krismasi akapelekwa na wenzake disko, Moshi mjini. Akaenda mara ya kwanza, akaenda mara ya pili, mara ya tatu akarudi na msichana na hakuona tena haja ya seminari. Mama yetu alilia mpaka Pasaka. Tangu hapo kwetu disko si muziki, ni ugonjwa wa ukoo. Wini hata disko toto la sikukuu hakwenda.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, kama wiki mbili baada ya msiba. Duka limejaa, mteja wangu wa Songea anachagua sufuria, anazigonga moja moja na kidole asikie mlio. Wini akaingia, begi la chuo mgongoni, bahasha mkononi. Macho mekundu. Akanisogelea mpaka kwenye kaunta.

"Mama," akasema, "nimedisko."

Watoto wa siku hizi kila kitu wanakitia kwenye maneno yao hivyo hivyo, nimechati, nimeposti, nimebeti. Nikajua nimesikia vizuri.

"Umefanyaje?"

"Nimedisko, mama."

"Lini?"

"Ile Ijumaa."

"Ijumaa ipi? Ile ya msibani?"

"Ndiyo."

Jamani. Niliona giza. Marehemu ana siku moja ardhini, matanga hayajaanuliwa, na mwanangu niliyemtuma aniwakilishe! Nikamvuta nyuma ya marundo ya hotpoti. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Una mimba?"

Akashangaa. "Hapana mama. Mimba ya nini?"

"Umelewa? Umepigwa video?"

"Hapana. Mama, nisikilize. Chuo wametoa siku kumi na nne. Wanataka barua ya mzazi kwamba ile Ijumaa nilikuwa msibani, na nakala ya kibali cha mazishi. Barua nimeshaichapa, wewe unasaini tu."

Yaani mtoto acheze disko msibani, chuo kipate habari, kisha anataka nisaini kwamba alikuwa anaomboleza. Nimtumie mzee Gaudens, baba wa watu, afunike mambo ya muziki. Nikamwambia, "Mimi sisaini."

"Mama, kwani si wewe uliyenituma?"

"Nilikutuma ukazike," nikasema. "Sikukutuma ukadisko."

Hapo akanitazama. Nimewahi kumpiga Wini akiwa mdogo na sijawahi kuuona ule uso. Mteja wa Songea akaniita, mama njoo, hizi namba thelathini ni ngapi kwa jozi. Nikamhurumia mwanangu, maana mwisho wa yote ni mtoto, na Ansbert mwenyewe leo ni baba wa watu watano na anasali. Nikamshika bega. "Basi, yaishe. Kila mtu ana siku yake ya kuteleza. Makosa yako yakubali mwenyewe, usiyatafutie barua. Usilirudie tena jambo hili mbele yangu, na baba yako asisikie, unajua hali yake."

Akasema, "Sawa mama." Akavua begi, akakunja mikono ya shati, akaanza kumfungia mteja sufuria. Nilijiona nimekuwa mama mwenye hekima.

Siku zile kumi na nne nilimsifia moyoni. Anaamka kabla yangu. Anafungua duka. Hatoki, hachati, hapigi simu. Nikasema anatubu. Siku moja mbele ya wateja nikamuuliza, "Chuo kinafunguliwa lini?" Akanitazama, akasema, "Kinafunguliwa Novemba, mama." Na kweli kinafunguliwa Novemba.

Siku ya kumi hivi, nimekaa nakunywa chai, akaiweka ile bahasha karibu na mkono wangu. Mimi nikaisogeza, nikaweka kikombe juu yake, nikaendelea kuongea na simu. Kikao cha sendofu ya Vicky, mtoto wa dada yangu, kilikuwa kinanitafuta. Alisubiri mpaka nilipomaliza simu, halafu akaenda kupanga mabakuli.

Aliyenifumbua macho ni Zarna. Zilikuwa zimepita kama wiki tatu tangu Jumatatu ile Wini alipoleta bahasha. Alivuka barabara na sahani ya vitamutamu, kwao walikuwa na shughuli. Wini nilikuwa nimemtuma stoo.

"Shikamoo Mama Wini."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole sana. Nimesikia Wini amedisko, nimeumia kweli."

Damu ikanipanda. Kumbe habari zimefika mpaka ng'ambo ya barabara. "Na wewe umeiona hiyo video?"

"Video gani?"

"Ya hilo disko alilocheza msibani."

Zarna akacheka, mara moja, halafu akaona mimi sicheki. Akaiweka sahani kwenye kaunta. "Mama Wini," akasema polepole, "kudisko si kucheza. Ni kufukuzwa chuo. Ukifeli, au ukikosa mtihani wa marudio bila sababu, wanakuondoa. Ndiyo tunaita kudisko."

"Nani anaita?"

"Wanafunzi wote, mama. Nchi nzima."

Nilimwambia asante kwa vitamutamu. Akaondoka anageuka nyuma. Nikaitafuta ile bahasha, ilikuwa chini ya kikokotoo, ina duara la chai juu. Nikavaa miwani. Imeandikwa kwa heshima kabisa: Mimi Candida, mama mzazi wa Winifrida, nathibitisha kwamba mwanangu alikosa mtihani kwa sababu nilimtuma kuniwakilisha katika mazishi. Chini kuna mstari wa saini, mtupu. Nyuma yake, nakala ya kibali cha mazishi ya mzee Gaudens. Nikahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Nikahesabu tena kwa vidole. Ilikuwa siku ya ishirini na mbili.

Kesho yake nilifunga duka. Nilivaa gauni la kanisani, nikasaini ile barua, nikaenda chuo peke yangu, sikumwambia Wini. Nilizungushwa milango mitatu mpaka nikafika kwa mama mmoja wa makamo, mtu mzuri tu, akanipa kiti. Akasoma barua. Akasoma kibali. Akavua miwani.

"Mama, hii ingetosha kabisa," akasema. "Hii ndiyo tuliyokuwa tunaisubiri."

"Ndiyo nimeileta."

"Kikao kilikaa Jumatano ya wiki iliyopita."

Nikamwambia, "Basi kiitwe tena. Dada yangu, mimi vikao navijua. Kikao kikishindikana kinaitwa kingine."

"Hiki hakiitwi tena, mama. Majina yameshapelekwa."

Nikaongea. Mimi ninayejua kumshusha mchuuzi mpaka akanipa na mfuko bure, niliongea pale mpaka mate yakanikauka. Nikamwambia kosa ni langu, si la mtoto. Akaitikia, anajua. Nikamwambia sikulijua neno. Akaniuliza neno gani, nikamwelezea, na yeye kwanza akaziba mdomo, nikaona anazuia kicheko, halafu macho yakamlenga machozi. Akaniambia Wini anaweza kuomba upya, miaka ikipita, aanze mwaka wa kwanza na watoto waliotoka shule jana. Akanisindikiza mpaka kwenye ngazi. Nilikaa kwenye ngazi ile, wanafunzi wananipita wananiamkia shikamoo, na mimi naitikia marahaba, marahaba, marahaba.

Nilirudi jioni. Wini alikuwa amefungua duka mwenyewe. Nikafunga mlango wa chuma nusu, nikamwekea ile barua iliyosainiwa mbele yake. Akaitazama saini. Hakuigusa.

"Kwa nini hukuniambia umefukuzwa?" nikamuuliza. "Kwa nini ulileta hilo neno lenu?"

"Nilishindwa kulitamka hilo lingine, mama. Hili tumezoea kulisema huku tunacheka."

"Na barua? Ungenibana. Ungenipigia kelele."

"Ulisema nisilirudie."

Nikamweleza nilichokuwa nimesikia. Disko la muziki, mjomba wake Ansbert, video. Alisikiliza mpaka mwisho, na mahali pa kucheka hakucheka. Akasema, "Mimi nilidhani umeelewa. Nilidhani umeona afadhali nibaki dukani, kwa sababu ya baba. Nikasema labda mama amechoka kuwa peke yake."

"Wiki zote tatu ulikuwa unaamini hivyo?"

"Ndiyo."

"Na hukunichukia?"

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta vumbi kwenye hotpoti ambazo alishazifuta asubuhi. "Nilikuwa nashangaa tu kwamba hukunipiga," akasema. Nikamwomba msamaha. Mimi, niliyekuwa sijawahi kumwomba mtoto msamaha tangu nizaliwe, nilimwomba nikiwa nimesimama katikati ya sufuria. Akaniambia, yameisha mama, usilirudie. Nilimtazama nione kama ananirudishia maneno yangu. Hapana, alikuwa ananionea huruma, na hilo lilinichoma zaidi.

Theophil anapiga simu kila Jumapili baada ya misa. "Daktari wangu anaendeleaje?" Namwambia anaendelea vizuri, amebakiza mwaka mmoja. Wini anakuwa pembeni yangu, ananipokonya simu, anamtajia baba yake majina ya dawa anazopaswa kumeza na saa zake. Majina yote bado anayo kichwani. Baba yake anafurahi, anamwambia dada yake, unasikia mtoto anavyoongea?

Watu wetu nao walipoona Wini yupo yupo, hawakuuliza. Waliona ana nafasi. Sendofu ya Vicky wakamfanya katibu, halafu mpambe, halafu wakampa na kazi ya kuongoza upande wetu kuingia ukumbini. Nilitaka kukataa. Niliinua simu kabisa nimwambie dada, mwache mtoto apumzike. Wini akanigusa mkono, "Mama, waambie naenda. Nikikaa ndani nitafanya nini?" Nikawaambia anakuja.

Sendofu ilikuwa Jumamosi jioni. Nilifunga duka mapema nikaenda mwenyewe, kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Mshereheshaji akasema upande wa mama wa binti waingie, muziki ukafunguliwa, ukatikisa viti. Wini akatokea mlangoni akiwa mbele, kitenge cha sare, kilemba, nyuma yake shangazi zake wote. Sijawahi kumwona anacheza. Anashuka, anapanda, mabega yanaongea, wazee wakasimama kumtunza noti, ukumbi mzima ukashika simu kumpiga video. Alikuwa anajua kila hatua. Nikaanza kuhesabu ni sherehe ngapi nimempeleka kwa miaka mitatu, nikaacha.

Mama mmoja wa kamati aliyekaa karibu yangu akaniinamia, anapiga makofi. "Mama Wini, kumbe mtoto wako ni mtu wa disko hivi? Kajifunzia wapi?"

"Kwangu," nikamwambia. "Nimemfundisha mimi."

Akacheka, akanipigapiga goti, akasema twende tukamtunze. Nikasimama, nikaenda.